Wufa Inacheza, Muziki Haujaanza: Sababu Sita

Umeweka santuri ya OK Jazz, sauti bado ndogo, na koni ya wufa tayari inaenda mbele na nyuma kama kifua cha kijana anayepandisha chukudu vilima vya Butembo. Fundi asiliguse bafle kwanza! Halina kosa, linatii kile sindano inacholiletea. Mtikisiko huo uko chini ya hezi 20, sikio haliupati, lakini ampli inautolea nguvu, na mwenye sola analipa kwa betri. Tuhesabu kwa kurudi nyuma.

6. Ekseli ya sahani inayozungusha santuri imekauka, na mtikisiko wake unafika kwenye sindano. Tone moja la mafuta mepesi ya cherehani. Tone, papa, si kijiko.

5. Bafle lenye tundu. Chini ya kiwango cha hezi lilichoundiwa, hewa ya ndani haiishikilii tena koni, basi inajitupa inavyotaka. Ziba tundu kwa sponji uone kama inatulia. Kama hupendi sauti mpya, toa sponji, hakuna aliyeumia.

4. Ampli haina kichujio, au kipo na hakijawashwa. Santuri hukatwa besi yake ikiwa imepunguzwa, kisha ampli huirudisha: kwenye hezi 20 huikuza karibu mara 9 kuliko kwenye hezi 1,000. Takataka za chini nazo hukuzwa vivyo hivyo. Ampli nyingi za zamani zina kitufe cha kukata sauti za chini kabisa. Kibonyeze bila hofu. Gitaa la besi linaanzia karibu hezi 41, rumba yako haitapoteza hata uzi mmoja.

3. Mkono na kichwa cha sindano havipatani. Vikiwa pamoja vina mtetemo wao wa asili, na unapaswa kuangukia kati ya hezi 8 na 12. Mkono mzito ukifungwa kichwa chenye sindano laini mno, mtetemo unashuka hadi hezi 5 au 6, palepale santuri zilizopinda zinapotikisa. Ndoa ya namna hiyo hata wazee wa pande zote mbili hawaisuluhishi: badilisha kichwa.

2. Santuri imepinda. Beni kuna joto, na santuri iliyolazwa chini ya mabati au kusahauliwa kwenye gari haisamehe. Inama, jicho liwe usawa wa sahani: mkono unapanda na kushuka. Kwa mwendo wa mizunguko 33⅓ kwa dakika, mzunguko mmoja ni sekunde 1.8; koni ikirudia mruko wake kila sekunde 1.8, mkosaji umempata. Santuri zisimame wima, mbali na jua. Na mama, pasi ya makaa ni ya mashati, si ya kunyooshea santuri!

1. Gramafoni imekaa juu ya bafle, au kwenye kabati moja nalo. Hii ndiyo inayoongoza, saluni kwa saluni. Bafle linatikisa ubao, ubao unatikisa sindano, sindano inarudisha mtikisiko kwenye ampli, na duara linakua kila ukiongeza sauti. Jaribu hivi: zima mota, shusha sindano kwenye santuri iliyosimama, ongeza sauti polepole, gonga kabati kwa kidole. Koni ikiruka au mngurumo ukianza, punguza sauti haraka. Hamisha gramafoni kwenye rafu iliyopigiliwa ukuta wa matofali, mbali na mabafle na mbali na ukuta unaopakana na barabara ya malori ya Kasindi. Kisha rudia kugonga, kabla hujatumia faranga hata moja kwa wufa mpya.