YAH: Maombi ya Kuongezewa Umri wa Kuishi

Waheshimiwa Wakokotozi wa Mafao,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa Hisabati, shule ya msingi ya serikali, na kwetu jibu bila njia halipati alama. Njia ndiyo hii. Mwalimu katumikia miezi 420, mshahara sh. 1,200,000. Kwa kanuni ya zamani ya mfuko wa PSPF, yaani 1/540, mkupuo nusu kwa nusu na ile 15.5 ya kuzidishia mkupuo, angeondoka na sh. 86,800,000 mkononi na pensheni ya sh. 466,667 kwa mwezi.

Mkaleta 1/580 na 12.5. Mwaka 2018 mkataka mkupuo uwe asilimia 25, Rais Magufuli akauzuia mpango huo Desemba. Julai 2022 ikaja 33. Bajeti ya 2024 ikatupandisha hadi 40, tukapiga makofi (walimu tunapenda kupiga makofi). Kwa asilimia hiyo 40, mwalimu wetu anapata sh. 52,137,931 na pensheni ya sh. 521,379.

Mkupuo umepungua kwa milioni 34 na ushee. Pensheni imeongezeka sh. 54,712. Gawanya. Hasara itarudi baada ya miezi 634, mstaafu wa miaka 60 akiwa amefikisha 112.

Sasa ile 12.5, mlivyotufafanulia wenyewe, ndiyo miaka tunayokadiriwa kuishi baada ya kustaafu. Kwenye mkupuo mmetuzika tukiwa na 72, kwenye faida mnatusubiri tukiwa na 112. Naomba basi hiyo miaka 40 ya katikati iidhinishwe, pamoja na afya na meno.

Mnasema tukipewa zote kwa mpigo tutaoa na kuzitapanya. Sawa. Ila kila uchaguzi mnatukabidhi masanduku ya kura tuwahesabie, na hapo hakuna anayehofia mikono yetu.

Ikishindikana, nipeni walau barua ya utambulisho kwa fundi. Nyumba yangu imeishia kwenye lenta na mbao za kenchi zinaliwa na mchwa uani.



Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Hisabati

Nakala:
Fundi – avute subira
Mkopeshaji wa kausha damu – aje mwaka nitakapotimiza 112