Mkono wa Kuume

Wiki ya tatu sasa siwezi kufungua chupa ya chai. Namngoja mke wangu anifungulie, naye hafungui kabla hajaniuliza kama bado naamini mbu wa mchana hawana neno. Alishaniambia nimwage maji ya lile tairi uani. Nikajitia ujuzi.

Chikungunya. Jina lenyewe ni la Kimakonde, kinachokunja, tangu mlipuko wa 1952 kusini mwa Tanganyika. Wamakonde hawakukosea: siku hizi nasimama kwenye swala tayari nimerukuu.

Mpwa wangu anasomea mambo ya vijidudu chuoni. Alipokuja kunijulia hali hakuleta hata chungwa. Alileta mchoro kwenye simu. Kumbe kirusi hiki kikiingia ndani ya seli hujijengea chumba. Huutunisha utando wa seli kama kipovu, na mlangoni huweka protini 12 za aina moja, zimeshikana duara. Humo RNA yake hunakiliwa kwa faragha, walinzi wa mwili wasione. Nakala mpya nazo huvishwa kofia na duara hilohilo, ili seli izidhani za nyumbani na kuzitumikia. Mimi kibali cha choo cha nje nimekisubiri miaka miwili.

Lakini kilichoniudhi hasa kimo katikati ya duara. Hapo hukaa protini inayonakili, herufi kama 12,000, moja baada ya moja, wala hairudi nyuma kusahihisha.

"Umbo lake ni mkono wa kuume, mjomba. Vidole, kiganja, dole gumba."

Nikadhani ananicheza shere. Akaapa: ndivyo wataalamu wanavyouita, na hata virusi vya polio na vya mafua vina mkono huohuo. Vidole na dole gumba hukumbatia uzi wa RNA, na kiganjani ndipo herufi zinapoungwa. Ukiliharibu umbo la kiganja, kazi yote imelala.

Yaani kitu kisicho na mfupa kimeingia mwilini mwangu na mkono mzima, unashika, unaandika, na mimi mwenye mwili vidole vyangu ni tangawizi.

"Ila virusi vyenyewe vimeshatoka kwenye damu, mjomba. Kwa kawaida havimalizi hata wiki mbili. Kilichobaki ni maumivu ya viungo tu."

Tu!

Nikamwomba anifungulie chupa ya chai. Akasema nisubiri kidogo, kuna mchoro mwingine.