Dhahabu, Au Siyo

Huku Matongo watoto hukua wakisikia baruti za mgodi wa North Mara, na wapo akina mama wanaoijua bei ya gramu kuliko bei ya sukari. Sasa nani katuletea Kilatini?

Nauliza kwa sababu ya karatasi. Tulipeleka mawe yetu maabara moja, tukalipa, tukapewa orodha ya herufi: Au, Ag, Cu, Fe. Mshirika wangu, mzee anayesoma kwa sauti hata mfuko wa saruji, akavaa miwani. "Au..." Akageuza nyuma ya karatasi. "Au nini? Mbona hawajamaliza?"

Ikabidi aitwe mpwa wangu wa kidato cha tatu. Kijana huyu nyumbani anaongea Kikurya, shule ya msingi kafundishwa kwa Kiswahili, sekondari anakaririshwa kwa Kiingereza, na bado jiwe la kwao halimfungukii mpaka apitie Roma. Akatueleza kwamba Au ni aurum, dhahabu. Ag ni argentum, fedha. Fe ni ferrum, chuma. Eti Mswidi mmoja, Berzelius, aliweka utaratibu wa herufi hizi mwanzoni mwa karne ya 19 ili wanasayansi wa kila nchi waelewane.

"Kila nchi," mzee akaguna. "Huku hakupita, mura."

Mimi nimelikagua jedwali lote la elementi kwenye daftari la kijana. Dh haina mwenyewe. Zb nayo iko wazi, lakini zebaki wameiandika Hg, kifupi cha hydrargyrum, yaani fedha ya majimaji. Na wala tusisingiziwe uvivu wa istilahi: magwangala, yale mawe yanayotupwa na mgodi, tunayajua tangu zamani, na mwaka 2017 nchi nzima ilijifunza makinikia, ule mchanga wa madini, kwa taarifa ya habari moja tu.

Hiyo Hg ndiyo inayoniudhi zaidi. Jedwalini dhahabu ni ya 79, zebaki ya 80, wamepanga ukuta kwa ukuta. Mwaloni, tunakooshea mawe yaliyopondwa, zebaki inaikamatisha dhahabu, kisha tunachoma: dhahabu inabaki, zebaki inapanda na moshi na kuingia kifuani mwa mchomaji. Dunia ikaandika Mkataba wa Minamata mwaka 2013 kwa ajili ya sumu hiyo. Lakini mwandikie mchomaji wa huku Hg kwenye chupa, uone kama umemwonya au umempa namba ya pikipiki.

Tukarudi kwenye Au yetu. Mbele yake paliandikwa 0.4 ppm. Kijana akafafanua: sehemu kwa milioni, yaani gramu kwa tani. Tani nzima ya mawe, ipondwe karashani, ioshwe, na hata nusu gramu haifiki.

Mzee akavua miwani, akauliza Kilatini cha kurudishiwa hela ni kipi.