Sifa za Mbuzi wa Kwenye Gunia

Katika nchi hii nimesikia watu wakisifu minazi, mabibi harusi, mchele wa Kyela na wakuu wa wilaya. Sijamsikia hata mmoja akisimama kulisifu gari lililotumika Japani likanunuliwa kwa picha na mtu aliyekaa Mbagala. Basi leo nasimama mimi.

Wakubwa wetu walituonya tusiuziwe mbuzi kwenye gunia. Ushauri mzuri sana, kwa mbuzi. Mbuzi yuko mnadani Pugu. Unapanda daladala, unamshika mgongo, unamfunua mdomo, unamtazama meno, na kama humwamini unarudi na hela yako nyumbani. Lakini IST ya mwaka 2006 iliyoegeshwa Yokohama utaishika mgongo vipi? Hapo gunia haliepukiki, na mimi nasema heri gunia, kwa kuwa linatuinua kuliko mnada wa Pugu ulivyowahi kumwinua mtu.

Mtazameni mnunuzi mwenyewe. Huyu ni mtu ambaye sokoni hugeuza kila nyanya kwenye fungu. Buchani hugombana na muuzaji kuhusu mfupa. Dukani huhesabu chenji mbele ya Mangi, kisha akaihesabu tena nje. Mdogo wake wa tumbo moja akimkopa laki moja, anataka shahidi. Mtu huyo huyo, siku moja asubuhi, huvaa shati safi, huingia benki na profoma mkononi, hutuma TT ya dola alizozidunduliza miaka minne, kwenda kwa kampuni anayoijua kwa stika iliyobandikwa kwenye magari ya wenzake. Hajui sura ya muuzaji wala lugha yake. Hajui hata kama mji wa kampuni hiyo upo kaskazini au kusini. Karani anamuuliza, “Malipo ya nini?” Anajibu kwa sauti kavu: “Gari.” Viongozi wa dini wanahubiri imani kila wiki na hawapati hata robo ya hii.

Tuje kwenye picha, maana ndizo alizonazo. Gari limesimama kwenye uwanja wa lami uliochorwa mistari, limetoka kuoshwa, matone bado yako juu ya boneti. Limepigwa picha mbele, nyuma, ubavu huu na ule, ndani ya buti, na tairi la spea ambalo inaelekea halijawahi kugusa ardhi. Kuna picha ya dashibodi yenye kilometa. Kuna ya kiti cha dereva, ukingo wake wa kulia umelika kidogo pale mtu anapoteremkia. Na kwenye kioo cha pembeni, ukikuza kwa vidole viwili, unaona mkono wa mpiga picha umevaa glavu nyeupe. Mkono ule ndicho kipande pekee cha binadamu utakachokiona upande wa muuzaji katika biashara hii nzima.

Picha hizo hutazamwa ofisini, kwenye foleni ya Ubungo, na kitandani mke akiwa amegeukia ukutani. Hutumwa kwenye grupu la familia. Shemeji aliyeko Tabora, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, anajibu kwamba rimu hizo si zake za asili. Mjadala unakwenda hadi usiku wa manane. Familia ambayo haikuwa imeongea vizuri tangu msiba wa babu inaungana tena, na aliyeiunganisha ni Toyota.

Ukiwa na bahati utaletewa na karatasi ya mnada, ambayo ingestahili hotuba yake peke yake. Magari mengi ya kule hupitia minadani kabla ya kuja kwetu, na kabla ya mnada mkaguzi huzunguka gari na kuandika kila anachokiona juu ya mchoro wake. A1 ni mkwaruzo mdogo. U2 ni kubonyea. W ni mahali fundi alipopanyoosha na kupapiga rangi, akaacha alama ya mkono wake. X ni kitu cha kubadilishwa, XX kimeshabadilishwa. Pembeni kuna daraja la jumla: 4.5 ni kijana wa kuposewa, 3.5 anavumilika, na R ni yule aliyepata ajali akarekebishwa. Muuzaji anayekuandikia kasoro za bidhaa yake, tena kwa mchoro! Sisi tulizoea matangazo ya hapa nyumbani: ndinga kali, full kipupwe, haina ajali, alikuwa anatumia mama kwenda kanisani, bei inazungumzika. Mnunuzi wetu akiishika karatasi ile, iliyojaa Kijapani kutoka juu hadi chini, hujisikia ameambiwa ukweli kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kwamba hajaelewa hata neno moja ni suala jingine.

Wengi huuliza kwa nini Mjapani anaachana na gari zima namna ile, na jibu la vijiweni ni kwamba wana hela za kuchezea. Ukweli unalipa gari heshima zaidi. Gari jipya kule hufanyiwa ukaguzi wa lazima, shaken, likifika miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama yake inauma. Gari la petroli likipita miaka 13, kodi yake ya mwaka inapandishwa. Mwenyewe anapiga hesabu, anaona afadhali aliuze. Kwa hiyo kinachotufikia si maiti. Ni mstaafu, amestaafishwa kwa mujibu wa sheria akiwa na nguvu zake, na sisi tunampangia ajira mpya: miaka mingine kumi na mitano, abiria saba kwenye viti vya watano, na gunia la mkaa kwenye buti.

Majirani zetu wana roho ngumu. Kenya haitaki gari lililozidi miaka 8. Uganda, tangu mwaka 2018, imelifungia mlango lililotimiza miaka 15. Tanzania hatumfukuzi mzee, tunamtoza. Tozo yenyewe watu wanaiita uchakavu, na hulipwa na mnunuzi, ambaye hakuwepo wakati gari linachakaa.

Na hapo ndipo gari linapogeuka shule. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani ya gari pamoja na nauli ya meli na bima. Juu yake unakuja ushuru wa bidhaa, kwa ukubwa wa injini. Juu yake uchakavu, kama umri umepita. Juu ya mlima huo wote inakaa VAT, asilimia 18, maana yake unalipa kodi kwa ajili ya kodi uliyokwisha kutozwa. Thamani yenyewe nayo si ile uliyonunulia. TRA wana kikokotoo chao: unaingiza aina, mwaka na ujazo wa injini, nacho kinakwambia gari lako lina thamani gani. Ulimbembeleza Mjapani wiki nzima hadi akakupunguzia dola mia na hamsini; kikokotoo hakina habari na urafiki wenu. Nawajua watu waliotoroka kila kipindi cha hisabati sekondari ambao leo wanaweza kukutajia asilimia hizi kwa mpangilio, macho wameyafumba.

Jiografia nayo inapanda. Safari ya meli ni mwezi na ziada, na siku hizi meli hufuatwa kwa simu. “Limefika wapi?” anauliza mama watoto. Baba anaonyesha kidoti karibu na Singapore. Mtoto wa darasa la tatu Mbagala anaujua Mlango wa Malaka kabla hajaujua mto Malagarasi. Nyaraka nazo zinakuja kwa ndege, ili ziwahi kufika na kulisubiri gari lenyewe, naye wakala wa forodha, ambaye kabla ya malipo alikuwa anapokea simu kabla haijaita, anaanza kuwa mtu wa vikao. Gari linateremka. Jeki halipo. Spana ya tairi haipo. Kile kiberiti cha kwenye dashibodi hakipo. Vimebaki mahali fulani kati ya mabara mawili, na hakuna mwenye akili anayeuliza zaidi ya hapo.

Lakini siku ukiliwasha! Mwanamke anaongea. Ni sauti laini, ya heshima, ya Kijapani, inatoka karibu na usukani, na abiria wote wananyamaza. Mama mkwe anaamini ni dua ya safari. Kwa kweli bibi huyo anakukumbusha kwamba hujaingiza kadi ya kulipia barabara za kwao, na atakukumbusha kila asubuhi mpaka fundi amng'oe. Wengi hawamng'oi. Nakiri kwamba kuna sehemu moja ninayoona bibi yule ana hoja: unapoikaribia tozo ya daraja la Kigamboni.

Redio ndiyo ina msimamo zaidi. Redio za FM za Japani huanzia 76, na katika magari mengi haya huishia 90. Kwa hiyo Dar es Salaam unapata Clouds kwenye 88.5 na Radio One kwenye 89.5, halafu dunia inakwisha. EFM ya 93.7 utaisikia kwa jirani mkiwa foleni, vioo vikiwa wazi. Kuna kidude cha kufunga nyuma ya redio kinachoshusha masafa, ambacho kikishafungwa kila stesheni inakaa kwenye namba isiyo yake, na mwenye gari anaikariri upya orodha nzima. Kumbukumbu inanolewa.

Sasa niseme sifa kuu, ambayo wapinzani wa gari hili hawajawahi kuijibu.

Mtaani kwetu kuna mwalimu mstaafu anayeuza Corolla. Analiosha mwenyewe kila Jumapili, kwa kitambaa cha fulana ya zamani. Ana daftari lenye tarehe za kubadilisha oili. Unaweza kugonga mlango wake, ukapewa chai, ukalala chini ya gari na fundi wako, ukaliendesha hadi Chalinze na kurudi. Halipati mteja. “Gari la mkononi hilo,” watu wanasema. “Limeshatumika Bongo.” Wanatamka Bongo hapo kama jina la ugonjwa. Barabara alizopita mwalimu tunazijua, mashimo tunayajua, mafuta ya kituo gani tunajua, na yote tunayoyajua yanahesabiwa dhidi yake. Aliyelitumia la Yokohama hatumjui: pengine alikuwa mvulana wa miaka kumi na tisa mwenye mguu mzito, pengine alibeba samaki. Huyo tunampa alama 4.5.

Na tunafanya sawasawa! Gari la mwalimu likikufia gia boksi baada ya miezi miwili, utamsalimiaje? “Shikamoo” itatoka na mchanga mdomoni. Harusini mtakaa meza mbalimbali. Watoto wenu wataacha kucheza pamoja, balozi wa nyumba kumi ataitwa, na daftari la oili litakuwa kielelezo. Gari la Japani halina mtu wa kumlaumu. Likikorofisha unasema “bahati yangu”, unakwenda Gerezani kununua spea, na amani ya mtaa inabaki palepale. Nchi hii ina utulivu mwingi, na katika kutafuta chanzo chake wasomi hawajaipima vya kutosha ile hali ya kununua kila kitu kwa mtu tusiyeweza kumfikia.

Sitanyamaza kuhusu wale waliouziwa gunia tupu. Wapo: tovuti nzuri, picha nzuri, akaunti ya benki, na baada ya TT hakuna kilichoondoka Japani wala mahali pengine popote. Hao nao wana nafasi yao. Bila wao, sisi tuliopata gari tusingejua tumebarikiwa.

Nisiyasahau magari ya IT, yale yanayopita tu kwetu kwenda nje, yanayoshindana kwenye barabara ya Morogoro, dereva akimpungia mkono kila abiria wa Chalinze kama mgombea ubunge. Yana wenyewe Lusaka, Lubumbashi, Bujumbura, nao hawajayaona pia. La Bujumbura linakwenda nchi ambako watu wanaendesha upande wa kulia na usukani wake uko kulia vilevile, hivyo dereva akitaka kulipita lori hulazimika kumtegemea abiria amwambie kama mbele kuko salama. Imani juu ya imani.

Miaka mitatu ikipita, unaamua kuliuza gari lako, ununue Harrier, ile waiitayo tako la nyani. Unaandika tangazo lako: halina ajali, injini haijaguswa, maongezi yapo. Anakuja kijana mmoja na fundi. Fundi analala chini. Anatoka na doa la oili kidoleni, anamwonyesha bosi wake bila kusema kitu. Wanafungua milango, wanafunga milango. Wanasugua namba ya chesi. Wanauliza kwa nini zulia la abiria ni tofauti na la dereva. Kijana anavuta pumzi, anakuita pembeni kwa adabu zote.

“Kaka, gari zuri. Ila limeshakaa Bongo.”

Anatoa simu mfukoni. Kuna IST ya rangi hiyohiyo, iko Nagoya, imetoka kuoshwa, matone juu ya boneti.

“Hili,” anasema, “nina imani nalo.”