Marehemu Aulizwaye Hali kwa Barua

Majaji wa London walihukumu mwaka 1896, katika daawa ya Salomon, kwamba kampuni ni nafsi kamili, mbali na huyo aliyeiunda, na ni wajibu wa serikali kuiandikia nafsi hiyo cheti cha kuzaliwa na, inapobidi, kuisimamia mautini. Wala mauti yake si kama yetu sisi wana wa Adamu. Kwani Sheria ya Makampuni ya Tanzania ya mwaka 2002 yataka Msajili, akishuku kuwa kampuni imekwisha kukata roho, aipelekee barua kuiuliza kama ingali inafanya biashara, na marehemu akinyamaza, aandikiwe ya pili, safari hii kwa rejista, asije akaisingizia posta, ndipo jina litangazwe katika Gazeti la Serikali, kisha lifutwe. (Anwani, bila shaka, ni ya chumba ambamo sasa huuzwa chipsi.) Na hata hapo msikimbilie kufunga daftari: mdai mwenye subira aweza kwenda mahakamani jina lirudishwe, na kampuni ikahesabiwa kana kwamba haikufa hata siku moja, madeni yake yakiwa na afya njema. Basi, ewe mkurugenzi uliyeitelekeza kampuni yako bila kuipelekea taarifa za mwaka, tafadhali ijibu barua hiyo.