Kigeuzi Hakina Makosa

Mwaka wa 2013 wanasiasa walitugawa Wakenya mafungu mawili. Uhuru Kenyatta na William Ruto walijiita dijitali, na aliyekuwa upande wa Raila Odinga akaambiwa ni analogi. Miaka miwili baadaye runinga nazo zikahamishwa kwa lazima, na asiyekuwa na king'amuzi akabaki akitazama chenga. Nchi nzima ikahama, isipokuwa kiungo kimoja ambacho hakikupewa taarifa: sikio. Sikio la binadamu ni analogi tangu kuumbwa. Ukilipelekea tarakimu halisikii kitu. Linataka hewa itikiswe.

Ndiyo maana kila kifaa kinachocheza muziki wa siku hizi, kuanzia simu hadi wufa yenye tundu la flashi, kina kidude ndani chenye kazi ya kugeuza tarakimu ziwe umeme unaopanda na kushuka, ili spika iufuate. Wenye ugonjwa wa sauti hukiita DAC. Mimi nitakiita kigeuzi. Kazi yake si ndogo. Katika CD, ambazo Sony na Philips walizileta sokoni mwaka wa 1982, kila sekunde ya muziki imekatwa vipande 44,100, na kila kipande kimewekwa kwenye ngazi moja kati ya 65,536. Kigeuzi husoma tarakimu hizo zote bila kuvuta pumzi na kulirudisha wimbi kama lilivyokuwa. Hufanya hivyo ndani ya simu ya muuza nyanya pale soko la Kitale, tena bila kudai shukrani.

Mwenye akili hutosheka hapo. Sisi wengine huambiwa kwamba kigeuzi cha simu ni cha watoto. Kwamba cha watu wazima huuzwa peke yake, ndani ya kisanduku cha alumini chenye taa ya buluu. Na kwamba ukikisikia hutarudi tena ulikotoka.

Nilikiagiza mwezi wa Machi, na Machi katika Trans Nzoia hakuna mazungumzo ila mahindi. Nilikuwa nimempata muuzaji wa Luthuli Avenue, Nairobi, aliyekubali kunitumia mzigo kwa basi. Nikamwandikia mke wangu ujumbe: “Nimelipia DAC, inafika kesho.” Mke wangu akasoma, akaona ni kidole kimeteleza, akamshukuru Mungu kwamba mwaka huu DAP, mbolea ya kupandia, imenunuliwa kabla ya mvua. Asubuhi akamwita kijana wa kazi, wakafagia stoo, wakatandika mbao chini ili magunia ya DAP yasishike unyevu. Nilipofika kwa bodaboda nimeshika boksi linaloenea kiganjani, alilitazama, akatazama nyuma yangu kuona kama lori linakuja, kisha akauliza kwa upole unaotisha:

“Baba watoto, hii ni ya ekari ngapi?”

Nilimwomba asubiri asikie kwanza. Mpinzani wa kigeuzi changu alikuwa kile kiwaya kifupi chenye kigeuzi ndani, cha kuunganisha simu na amplifaya, ambacho watu hukipoteza kila wiki bila kulia. Wimbo wa kujaribia ulikuwa Sina Makosa wa Les Wanyika, bendi iliyozaliwa Nairobi mwaka wa 1978 wanamuziki walipotoka Simba Wanyika. Niliuchagua kwa sababu kila chombo kina nafasi yake: besi ya Tom Malanga inatembea bila haraka, gitaa la Omar Shabani linashona katikati, na ukiwa na masikio unajua nani amesimama wapi. Nikacheza kwa kiwaya. Nikacheza kwa kigeuzi. Lo! Besi ikakaza. Magitaa yakaachana. Mwimbaji akasogea mbele hatua mbili, karibu anikanyage. Nilikuwa nimefumba macho kwa furaha mke wangu aliposema kutoka mlangoni:

“Umeongeza sauti tu.”

Sikuwa nimegusa kitu, lakini alikuwa amesema kweli. Vigeuzi vya mezani kwa kawaida hutoa volti 2, desturi iliyotokana na vicheza CD. Viwaya vya simu vingi hutoa volti 1 au chini ya hapo. Tofauti hiyo ni angalau desibeli 6, na hata ingekuwa sehemu ya desibeli moja, sikio lisingesema “hii ina kelele zaidi”. Lingesema “hii ni tamu zaidi”. Wauzaji wa spika wanaijua siri hiyo siku nyingi, ndiyo maana spika ghali dukani huchezwa kwa nguvu kuliko jirani yake.

Nikaamua kusawazisha sauti na kuanza upya, ila hali ya hewa ilikuwa na mpango wake. Kijitabu cha kigeuzi kilijisifu kwamba kelele zake ziko desibeli 120 chini ya muziki. Huo ni umbali kutoka kimya kisichosikika na sikio zima hadi kishindo kinachouma. Mwandishi wa kijitabu hicho hajaketi Kitale saa tisa alasiri mwezi wa Aprili, mvua inaposhuka kutoka upande wa Mlima Elgon na kutua juu ya mabati yasiyo na dari. Saa hiyo watu wawili wa kochi moja huelewana kwa ishara. Ukimya wa kigeuzi ulikuwepo, sina shaka, lakini ilinibidi kuuamini kwa imani, kama wokovu. Mvua ilipokatika, mashine ya kusaga unga ya jirani ikaanza. Mashine ilipozimwa, kanisa la pili kutoka kwetu likaanza kesha.

Usiku wa manane, kanisa limepumzika, nikapata nafasi. Kompyuta na kigeuzi nikavichomeka upande mmoja wa sebule, amplifaya nikaichomeka upande wa pili. Spika zikaanza kuvuma. Umeme wetu hugeuka mwelekeo na kurudi mara 50 kwa sekunde, na vifaa viwili vya soketi tofauti vikiunganishwa kwa waya wa sauti, mkondo mdogo hupata njia ya kuzunguka kupitia nyaya za ardhini na kuingia kwenye muziki. Hayo nilikuja kuyaelewa baadaye. Usiku ule mke wangu aliamini nyuki wamehamia kwenye paa, akampigia simu jirani anayerina asali, na jirani mwema yule akaja na kopo la moshi tayari limewaka. Alipoonyeshwa spika alisikitika sana. Alikuwa ameahidi watu asali.

Shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, ni fundi wa redio mjini Bungoma. Aliponisikiliza kwa simu alisema maneno mawili: “Ekstensheni moja.” Nikachomeka vyote kwenye ekstensheni moja, mvumo ukakoma. Kisha akaongeza, bila kuombwa, kwamba kigeuzi changu na kiwaya changu ni kitu kimoja, na kwamba nikibisha nikilete.

Mke wangu ndiye aliyeweka masharti. Yeye hakosi siku za wakulima, na anajua habari za mji huu. Hapa Kitale ndipo watafiti walipozalisha H611, mahindi chotara yaliyotolewa mwaka wa 1964 kwa kuoanisha mbegu ya Kitale na nyingine kutoka Ecuador. “Kwenye majaribio,” alisema, “vipande vya shamba hupewa namba. Anayepima mavuno haulizi mbegu ilinunuliwa pesa ngapi. Nanyi mfanye hivyo hivyo.” Alisema “pesa ngapi” polepole.

Basi nikapanda matatu ya Bungoma, kisanduku mapajani. Kabla ya Kiminini mama mmoja aliyeketi kando yangu alikuwa amekitambua kuwa mashine ya kupima presha, akakunja mkono wa sweta na kuninyooshea mkono. Nilipomweleza kwamba kazi yake ni kugeuza tarakimu, abiria wa nyuma akataka kujua kama kinageuza pia shilingi kuwa dola. Tulipofika Kamukuywa gari zima lilikuwa na maoni. Webuye kondakta akaniuliza kama hicho kisanduku kinaweza kusaidia spika zake, ambazo tangu Kitale zilikuwa zikitapika besi. Nilimjibu kwa ukweli wa fundi: hakiwezi.

Jaribio lilifanyika sebuleni kwa wakwe. Shemeji alicheza mlio mmoja usiobadilika, akapima volti za vifaa vyote viwili kwa mita yake, akapunguza kigeuzi changu mpaka namba zikalingana. Akafunika kila kitu kwa leso. Mpwa wetu akapewa sarafu ya kurusha, ichague kifaa kipi kicheze, na mimi nikaambiwa nitaje. Hesabu ya majaribio ya namna hii inajulikana: katika mara 16, ukipatia 12 au zaidi, watu watakubali kwamba huenda unasikia kweli; chini ya hapo unabahatisha. Sikukaribia. Ili kukata mzizi wa fitina, shemeji akaiacha sarafu nayo “ikisie” peke yake, kichwa ni kigeuzi, upande wa pili ni kiwaya. Sarafu ikanishinda. Baba mkwe, ambaye tulidhani amelala kitini, alifungua jicho moja akauliza sarafu hiyo iliuzwa shilingi ngapi Luthuli.

Nilidai kwamba uzuri wa kigeuzi uko kwenye sauti nyembamba za juu. Shemeji akacheza mlio mwembamba mno. Mpwa akaziba masikio akilia kwamba unamchoma. Sisi watu wazima tulikuwa bado tunasubiri uanze. Kijana husikia mitikisiko ya hadi 20,000 kwa sekunde. Umri hupunguza dari hiyo mwaka baada ya mwaka, na mwenye mvi akifikisha 12,000 ashukuru. Kwa hiyo yule pekee aliyefaa kukisikia kigeuzi changu alikuwa na umri wa miaka tisa, na alitaka katuni.

Kulikuwa na msikilizaji mwingine. Kwa desturi ya Wabukusu, mkwe wa kiume na mama mkwe hupeana heshima ya mbali. Hawashikani mikono wala hawabanani chumba kimoja. Mama mkwe alikuwa jikoni na muziki ulimfikia kupitia dirishani. Hakuwa ameona kisanduku, hakujua bei, hakujua mpangilio. Maabara za Ulaya hulipa fedha nyingi kupata shahidi wa aina hiyo, na sisi tulipewa bure na mila. Tulicheza cha kwanza, tukacheza cha pili, mpwa akatumwa kwa bibi yake na kurudi.

“Kukhu amesema cha kwanza ni kizuri. Cha pili ni kizuri. Lakini cha tatu ndicho safi kabisa, na wimbo wake ni bora.”

Tukatazamana. Vifaa vilikuwa viwili. Kisha tukakumbuka kwamba stima ilikuwa imepotea kwa muda, na wakati tunatafuta tochi, redio ya betri ya jirani ilikuwa ikicheza Sulwe FM. Redio ya FM, ambayo haibebi sauti inayozidi mitikisiko 15,000 kwa sekunde, ilikuwa imeshinda alumini na taa ya buluu. Nilijaribu kuutangaza huo kuwa ushindi wa analogi. Shemeji akanikatiza: siku hizi hata studioni muziki hutoka kwenye kompyuta, kwa hiyo cha tatu nacho kilipitia kigeuzi, ila cha watu wengine.

Haki ya kifaa isemwe. Vipo vigeuzi vibovu vinavyonasa kelele za kompyuta na kuzimwaga kwenye spika. Lakini kazi yenyewe imekwisha kueleweka: Apple imekuwa ikiuza kiwaya chenye kigeuzi kwa dola 9 kule Marekani, na waliokipima wamekuta uchafu wake uko chini kuliko sikio linavyoweza kufika. Kigeuzi kizuri huharibu chini ya sehemu moja katika elfu kumi ya sauti, ilhali spika ya kawaida ikibanwa na besi huharibu sehemu kadhaa katika mia, na ukuta mtupu wa sebule huongeza zake. Isitoshe, nyimbo zetu nyingi za zamani zimefika kwenye simu kupitia santuri iliyochakaa na kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti. Kigeuzi huleta mkwaruzo huo wote kwa uaminifu. Katika nyumba yenye mabati, nyuki wa umeme, kesha la jirani na masikio yaliyozeeka, kifaa kilichopelekwa mahakamani ndicho pekee kisicho na makosa.

Sikukiuza. Nimenunua pazia zito na kusogeza spika kutoka pembeni, na hayo mawili mke wangu aliyasikia bila kuambiwa. Kigeuzi kipo mezani, kinawaka buluu, na Jumapili ninapojua kwamba ndicho kinachocheza, besi ya Malanga hukaza na mwimbaji husogea mbele. Hakuna mtu anayesikiliza muziki wa Jumapili chini ya leso huku mtoto akirusha sarafu. Nililipia kujua, na kujua nako kuna sauti yake.

Mke wangu hapingi. Anasema DAP nayo husikika vizuri sana, hata kwa mtu aliyefumba macho, ila husikika Novemba, ghalani, unapogonga gunia kujua kama limejaa.