Dumu Alilokalia Mwalimu

Kwa miaka mingi Kagunga hakukuwa na gari la kumsumbua mtu. Milima imeshuka hadi kwenye maji, Burundi iko hapo hapo kaskazini, na kila kitu, kuanzia bati la nyumba hadi bibi harusi, kilifika kwa boti kutoka Kibirizi, nje kidogo ya mji wa Kigoma. Watu wa Kagunga walinyimwa raha ya kusukuma Datsun mlimani, lakini kabureta hawakunyimwa. Iliwafuata majini, ikafungwa nyuma ya boti ya mbao ndani ya Yamaha ya farasi 40, na tabia zake ni zile zile za nchi kavu isipokuwa moja: ikigoma, huwezi kushuka ukaenda zako.

Safari ninayoisimulia ilianza mchana, kwa ratiba ya Kibirizi, yaani boti ikijaa. Ilijaa. Kulikuwa na mabati, kreti za soda, kuku waliofungwa miguu, na viroba vya unga vya mama mmoja ambaye sauti yake peke yake ingetosha kuwa injini ya akiba. Petroli iliyochanganywa na oili ilikuwa kwenye dumu la lita 20 lililowahi kuwa la mafuta ya kula, na mpira wa kuivuta umetumbukizwa mdomoni.

"Kijana," mama alimwambia baharia, "petroli hiyo ikirukia unga wangu, utaununua wewe."

Baharia alitii kupita kiasi. Alikunja mfuko wa nailoni, akauzungushia mpira, akaushindilia kwenye mdomo wa dumu. Kisha akachukua kipande cha sabuni ya mche, akakilowesha ziwani, akakifinyanga mpaka kikawa laini, akakandika pande zote kwa dole gumba. Kazi safi mno, hata harufu haikupita. Mwalimu mmoja, mtu wa mwili wake, alikuwa amekosa pa kukaa. Akatandika gunia juu ya dumu lile, akaketi, akafungua gazeti.

Tulipopita Mtanga injini ikakohoa, ikazimika.

Sasa sikiliza, maana utamu wa ugonjwa huu uko hapa. Nahodha alichomoa plagi, akazifuta kwa shati, akazirudisha, akavuta kamba. Ikawaka! Akatutazama kwa huruma, sisi tusiojua mambo. Tukaenda kidogo, ikazimika. Kinyozi mmoja aliyekuwa anarudi kwao akasema hayo ni maji kwenye petroli. Akafungua chujio, akamwaga kilichomo kwenye kiganja, akanusa, akatikisa kichwa kama daktari. Maji hayakuwamo, lakini injini ikawaka, na kinyozi akapata heshima yake yote. Ikazimika tena. Mvuvi mmoja akapuliza mpira wa mafuta hadi mishipa ya shingo ikamtoka, ikawaka. Ikazimika. Mzee wa kofia akasoma dua ndefu, na niseme ukweli, dua ndiyo iliyotupeleka mbali kuliko wote. Kumbe ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko tiba zote.

Kila mmoja alikuwa na ushahidi wa macho kwamba ameponya. Mimi nilikabidhiwa kazi ya kumulika kwa tochi ya simu, saa tisa ya mchana, jua linawaka.

Mzee wa kofia alituliwaza kwa historia. Wajerumani, alisema, waliizamisha meli yao hapa Kigoma mwaka 1916 ili adui asiipate, lakini kwanza mafundi wao wakaipaka mashine grisi nzito. Mwaka 1924 ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. "Miaka yote hiyo chini ya maji! Na nyie hii ya juzi inawashinda."

"Mzee, Liemba ilikuwa ya mvuke," Mwalimu akajibu kutoka nyuma ya gazeti. "Haikuwa na kabureta."

"Ndiyo maana nasema," akajibu mzee.

Ndipo hukumu ikapita kwamba ni kabureta. Sijui kwa nini kila mjadala wa petroli huishia huko. Nina mjomba Ujiji ambaye Datsun 1200 yake imefunguliwa kabureta mara nyingi kuliko milango, na karibu kila mara kosa lilikuwa nyuma zaidi, kwenye mpira uliopasuka, chujio lililoziba au tangi lenye kutu. Ile njia ni fupi: tangi, bomba, chujio, pampu, halafu kikombe cha kabureta ambamo boya dogo hupanda na kushuka, likifunga na kufungua sindano, na mwisho jeti yenye tundu jembamba inayopima kiasi cha kuingia. Mafuta hupita njia hiyo yakitokea tangini, lakini mafundi wetu huanza mwisho wa safari kwa sababu huko ndiko kwenye skrubu nyingi. Pampu ya injini ya boti nayo haina umeme. Ni utando mwembamba unaotikiswa na mapigo ya injini yenyewe, kwa hiyo nguvu zake za kuvuta zina kikomo.

Tena boti ina kipimo ambacho Datsun haina: kile kipampu cha mpira katikati ya bomba, unachokiminya kwa mkono kabla ya kuwasha. Kikijaa kikawa kigumu na injini bado haiwaki, hapo una haki ya kuishuku kabureta. Kikibaki laini kila ukiminya, kuna hewa inaingia mahali. Na kikinywea, pande zikashikana na zisiachane, basi mafuta yamezuiwa huko yanakotoka. Chetu kilikuwa kimebanwa bapa chini ya kiroba cha unga, hakuna aliyekitazama.

Kabureta ikashushwa. Mama akatoa kanga, akaitandaza, vipande vikapangwa juu yake: kikombe, boya, sindano, skrubu nne, jeti. Tulikuwa tumesukumwa na upepo hadi mbele ya msitu wa Gombe, ambako mwaka 1960 Jane Goodall alimwona sokwe akichomeka ujiti kwenye kichuguu ili avue mchwa, na dunia ikashangaa kwamba mnyama anatumia zana. Kinyozi naye akavunja ujiti wa fagio la boti, akauchomeka kwenye jeti. Sokwe angalau alipata mchwa. Hapa ujiti ulikatikia ndani, ukatolewa kwa meno. Afadhali hata hivyo kuliko waya, maana waya hulipanua tundu na injini inaanza kunywa petroli bila mpango.

Boti nyingine ikapita kasi upande wa ziwani, wimbi lake likatunyanyua. Maji yakaturukia. Mama, bila kuwaza, akavuta kanga yake ajifunike.

Ziwa Tanganyika pale penye kina kirefu kabisa linafika mita 1,470. Mvuvi alitutajia habari hiyo huku tukitambaa kutafuta skrubu. Zilipatikana zote, pamoja na boya na sindano. Jeti haikuonekana. Watu wakanyanyua viroba, wakanyanyua kuku, na hatimaye wakamwomba Mwalimu naye anyanyuke.

Alipoinuka, nikaona kwamba tangu Kibirizi alikuwa ameshuka karibu kiganja kizima. Dumu lilikuwa limekonda, mbavu zimeingia ndani kama mbwa wa kambini.

"Mwalimu!" nahodha alipiga kelele. "Umelikalia mpaka limekufa!"

"Nimelikuta hivi," Mwalimu akasema, akikunja gazeti lake polepole.

Nahodha akainama. Akaiona sabuni. Akaichokonoa kwa kucha, akavuta nailoni. Fyuuu! Hewa ikaingia, dumu likavimba, likapiga kishindo kama bati la jua kali. Petroli ilikuwa inatoka bila hewa kuingia kushika nafasi yake. Pampu ilivuta mpaka ikashindwa, injini ikazimika. Sisi tukisimama kuitibu, hewa kidogo ilijipenyeza kwenye sabuni, nguvu zikarudi, na mganga wa zamu akapewa sifa.

Baharia alimnyooshea mama kidole. Mama alisema yeye alizungumzia unga, sabuni hakuitaja. Kisheria alikuwa sahihi.

Ikabaki habari ya jeti. Nahodha alikuwa na kopo la vyuma chakavu, na ndani yake ikapatikana jeti ya injini ndogo, ya farasi 25. Iliingia. Tundu lake jembamba lilimaanisha petroli pungufu, na petroli pungufu kwenye injini ya namna hii ni joto linaloweza kuikwaruza pistoni, kwa hiyo tulikwenda mwendo wa kubembeleza, mdomo wa dumu wazi, baharia ameushikilia mpira kwa mkono. Tulipopita Mwamgongo giza lilikuwa limeingia, taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani. Kagunga tulifika watu wamelala. Petroli ilirukia kiroba kimoja tu cha unga, na mjadala wa nani akinunue niliuacha ufukweni unaendelea.

Wewe utakayepanda boti Kibirizi, ukipewa dumu kuwa kiti, kwanza mwambie nahodha alegeze mdomo wake, kisha ukae. Na ukihisi kitu kidogo cha shaba chini ya unyayo, kisichozidi punje ya mahindi, usikitupe majini. Mkabidhi nahodha, sina hakika kama ameshanunua nyingine.